Dripu ina nini ndani? Kipindupindu, figo na njia ndefu kutoka Goma hadi Kagunga

Ukiwa Kalinzi unaona migomba na kahawa, ziwa huna habari nalo. Kijiji kiko juu milimani, kaskazini mashariki mwa mji wa Kigoma, upande wa barabara ya Mwandiga kwenda Manyovu. Lakini dagaa wa sokoni wametoka Tanganyika, ndugu wako pande zote za mpaka, na maradhi ya mwambaoni yanajua njia ya kupanda mlima. Kwa hiyo watu wa huku juu walipokuwa wakisikia habari za Kagunga mwezi Mei 2015, haikuwa habari ya mbali.

Kagunga ni kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima mkali na maji, karibu kabisa na mpaka wa Burundi, kaskazini ya Hifadhi ya Gombe. Baada ya vurugu za Bujumbura mwezi Aprili mwaka ule, makumi ya maelfu ya wakimbizi walishukia pale ndani ya wiki chache. Vyoo havikutosha, na maji ya kunywa yalikuwa ni ya ziwa lilelile ambalo watu waliogea. Njia ya kuwatoa ilikuwa ziwa. Watu walipakiwa kwenye mitumbwi hadi kwenye MV Liemba iliyotia nanga mbele kidogo, kisha safari ya saa kadhaa hadi Kigoma mjini, wakapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, ndipo mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu, Kasulu. (Ndiyo, Liemba ileile ya Wajerumani, iliyounganishwa Kigoma wakati wa Vita vya Kwanza, ikazamishwa 1916 na kuibuliwa tena. Meli hii imeona mengi.)

Kipindupindu kikalipuka. Kufikia tarehe 22 Mei, UNHCR walikuwa wanahesabu wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31. Yaani katika kila wagonjwa 100, alikufa mmoja.

Sasa rudi nyuma miaka 21, upande wa pili wa Maziwa Makuu. Julai 1994, ndani ya siku chache, Wanyarwanda kati ya 500,000 na 800,000 walivuka kuingia Goma. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, na wengi wao waliuawa na kuhara: kwanza kipindupindu, kisha kuhara damu. Ni kweli hali hazilingani. Goma ilipokea umati mkubwa mno kwa siku chache, ardhi yenyewe ni mwamba wa volkano usiochimbika choo, na wengi walifia njiani na kwenye mabanda bila kuonwa na nesi yeyote. Lakini kuna jambo moja la Goma ambalo halielezeki kwa mwamba wala kwa umati: watu walikufa kwa wingi hata *ndani* ya vituo vya matibabu, wakiwa wamelazwa, wengine dripu ikiwa mkononi. Hilo ndilo ninalotaka tulifuatilie. Mtu ana dripu, na bado anakufa. Kwa nini?

Mkojo unapokatika

Tuanze na mwili wenyewe. Kimelea cha kipindupindu hakichomi utumbo wala hakiupasui. Sumu yake inaziamuru chembe za utumbo mwembamba zimwage kloraidi, na kloraidi ikitoka, sodiamu na maji vinaifuata. Mgonjwa wa hali mbaya anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Yale maji meupe kama ya kuoshea mchele yana chumvi karibu sawa na damu, na juu yake yana bikaboneti na potasiamu nyingi kuliko damu. Kumbuka hayo mawili, tutayarudia.

Figo zako zinapokea karibu sehemu moja kati ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Zinachuja kwa nguvu ya shinikizo. Damu ikipungua na shinikizo likishuka, figo hufunga bomba: mkojo unapungua, kisha unakatika. Mwanzoni huo si ugonjwa, ni busara ya mwili kubana maji yaliyobaki. Ukimrudishia mgonjwa maji mapema, mkojo unarudi, na mtu anaondoka na figo zake nzima. Ukichelewa kwa saa kadhaa, vile vijibomba vya ndani ya figo vinakosa oksijeni na chembe zake zinakufa. Hapo hata ukijaza maji, mkojo hautoki. Figo huweza kupona, lakini inachukua siku nyingi au wiki, na katika siku hizo taka na potasiamu vinajikusanya kwenye damu. Potasiamu ikizidi, moyo unasimama.

Hapa kuna mtego ambao umewachanganya madaktari wengi. Mgonjwa wa kipindupindu amemwaga potasiamu chooni, hazina yake imekauka. Lakini kwa kuwa amepoteza bikaboneti, damu yake imekuwa na asidi, na damu yenye asidi huvuta potasiamu kutoka ndani ya chembe kuja nje. Ukipima damu unakuta potasiamu iko sawa, pengine imepanda. Karatasi ya maabara inasema hali ni njema, kumbe ghala ni tupu. Ukirekebisha asidi bila kumpa potasiamu, inarudi ndani ya chembe kwa kasi, ile ya kwenye damu inaporomoka, misuli inalegea na moyo unaanza kupiga ovyo.

Watu wa Kalinzi wataelewa hili kwa ndizi. Mtu anayepona kipindupindu, mkojo ukitoka vizuri, ndizi mbivu ni rafiki yake, kwa sababu ina potasiamu. Mtu ambaye figo zimegoma anaambiwa akae mbali na ndizi hiyohiyo.

Ujiji, Leith, Calcutta

Kipindupindu si mgeni kwenye ziwa hili. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu milipuko ya Afrika Mashariki, na akaonyesha jinsi ule wa 1869 na 1870 ulivyosafiri kwa miguu ya wapagazi. Njia ya pembe za ndovu na watumwa kutoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji ilikuwa pia njia ya ugonjwa, ukavuka hata ng'ambo hadi Manyema, alikokuwa Livingstone. Aliyeugua njiani hakuwa na tiba ya kweli. Aliachwa chini ya mti au akafa mikononi mwa wenzake.

Kinachouma ni kwamba wazo la tiba lilikuwa limeshagunduliwa miaka karibu 40 kabla.

Mwishoni mwa 1831 kipindupindu kilikuwa kimefika Sunderland, Uingereza. Kijana wa miaka 22, William Brooke O'Shaughnessy, akaenda kuchunguza damu ya wagonjwa. Akakuta imepungukiwa maji, imepungukiwa chumvi, imepungukiwa alkali. Na akagundua kitu kingine: kwa wale waliokatika mkojo, damu ilikuwa na urea, yaani ile taka ambayo figo hupaswa kuitoa. Kijana huyu, kwa vifaa vya 1831, alikuwa ameshaona kwa pamoja upungufu wa elektrolaiti na kushindwa kwa figo. Akapendekeza: rudisheni kwenye damu kile kilichopotea.

Mei 1832, daktari wa mji wa Leith huko Scotland, Thomas Latta, akajaribu. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mama mzee ambaye kila kitu kilikuwa kimeshindikana kwake. Latta akaingiza mrija kwenye mshipa, akamiminia maji ya chumvi polepole, akasubiri. Hakuna kitu. Akaongeza. Baada ya nusu saa na zaidi ya lita tatu, yule mama aliyekuwa kama maiti akafumbua macho, mapigo yakarudi, akasema anajisikia vizuri. Latta akadhani kazi imekwisha, akaondoka kupumzika. Kuhara kukarudi, hakuna aliyeendelea kumwongezea maji, na baada ya saa tano na nusu mama akafariki.

Mimi naisoma habari hii kama historia yote ya tiba hii kwa ufupi. Mtu hatibiwi na dripu ya kwanza. Anatibiwa na yule anayebaki kitandani kuhesabu kinachotoka na kukirudisha.

Wengine waliojaribu baada ya Latta walitumia maji machafu, maana hakuna aliyejua vimelea. Wengine walisubiri mpaka mgonjwa yuko mahututi kabisa, ndipo wakadai dripu haifai. Latta mwenyewe alifariki 1833. Wazo likalala. Hadi misafara ya 1870 inapita Uvinza kuelekea Ujiji, madaktari wa Ulaya walikuwa bado wanawapa wagonjwa wa kipindupindu afyuni na dawa za kuharisha. Ndiyo, dawa za *kuharisha*, kwa mtu anayeharisha.

Karne ya 20 ilipoanza, Leonard Rogers huko Calcutta alirudisha dripu ya chumvi, tena yenye chumvi nyingi kuliko damu, na vifo vikashuka kutoka takriban 60% hadi karibu 30%. Mafanikio makubwa, lakini theluthi moja bado walikuwa wanakufa, na wengi wa hao walikufa siku kadhaa baadaye, kuhara kukiwa kumekwisha, kwa sababu mkojo haukurudi. Ni Andrew Sellards, akifanya kazi Manila, aliyeonyesha karibu na 1910 kwamba wagonjwa hawa walihitaji alkali kwa wingi, na kwamba wakipewa bikaboneti mapema, kufa kwa figo kunapungua sana. O'Shaughnessy alikuwa ameshaiandika alkali. Dunia ilisoma chumvi, ikaruka alkali.

Chupa tunayoiona leo wodini, ile nesi anayoiita RL, ina ukoo wake tofauti. Sydney Ringer wa London, miaka ya 1880, alikuwa akiuweka moyo wa chura kwenye maji ya chumvi ili uendelee kupiga. Ulipiga vizuri, mpaka ikagundulika kuwa maji yaliyotumika yalikuwa ya bomba, si yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke. Maji ya bomba ya London yalikuwa na kalsiamu, na bila kalsiamu moyo ulisimama. Hivyo Ringer akajifunza kuwa chumvi peke yake haitoshi. Mwaka 1932 daktari wa watoto huko Marekani, Alexis Hartmann, akaongeza lakteti, ambayo ini huigeuza kuwa bikaboneti. Ndiyo Ringa lakteti: sodiamu, potasiamu kidogo, kalsiamu, na alkali iliyojificha.

Linganisha na chupa ya jirani yake, ile ya chumvi tupu tuliyozoea kuiita NS. Ina kloraidi 154 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, wakati damu yako ina kama 100. Haina potasiamu, haina alkali. Haimuui mtu, na kama ndiyo pekee iliyopo itumike, lakini ukimjaza mtu lita sita za hiyo, unamwongezea asidi mtu ambaye tayari ana asidi.

Bangaon, Goma

Dripu ina tatizo la pili: haitoshi. Mgonjwa wa kilo 60 aliyekauka kabisa anahitaji, kwa mwongozo wa WHO, mililita 100 kwa kila kilo ndani ya saa tatu. Hiyo ni lita 6, chupa 12 za nusu lita, na karibu lita mbili kati ya hizo ziingie ndani ya nusu saa ya kwanza. Hebu zidisha kwa wagonjwa 400 kwa siku halafu fikiria mtumbwi wa kuzipeleka Kagunga.

Jibu lilitoka Dhaka mwaka 1968, pale David Nalin na Richard Cash walipoonyesha kwamba maji yenye chumvi na sukari ya glukosi kwa kipimo sahihi, yakinywewa, yanafyonzwa hata kuhara kukiwa kunaendelea. Glukosi inaishika sodiamu mkono na kuivusha ukuta wa utumbo, na maji yanafuata. Kipimo sahihi si maneno ya kupamba: Robert Phillips alikuwa amejaribu Manila mwaka 1962 kwa mchanganyiko wenye chumvi nyingi mno, na wagonjwa kadhaa walikufa kwa kujaa maji. Kisha mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, Dilip Mahalanabis akajikuta Bangaon, mpakani, kambi imejaa wakimbizi na dripu zinaisha. Akachanganya chumvi, soda ya bikaboneti na glukosi kwenye mapipa, akawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu 30% hadi chini ya 4%.

Kwa hiyo mwaka 1994 hakuna lililokuwa siri. Timu ya wataalamu kutoka Dhaka ilipofika Goma ikaandika ilichokiona, na ripoti yao ikachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka uliofuata. Dripu zilikuwa zinadondoka polepole mno. Wengi walipewa maji yasiyofaa, yasiyo na potasiamu wala alkali. Maji ya kunywa ya chumvi na sukari hayakutumika ipasavyo. Na wahudumu wengi, wenye moyo safi kabisa, hawakuwahi kuona kipindupindu maishani mwao. Wataalamu hao walikuwa wanamwona mama wa Latta tena na tena, miaka 162 baadaye: amepewa maji, kidogo, halafu akaachwa.

Kagunga haikuwa na hospitali kubwa kuliko Goma. Ilikuwa na watu wachache zaidi, na meli ya kuwaondoa. Lakini pia mkoa wa Kigoma umekuwa ukiishi na kipindupindu tangu kiliporudi ukanda huu mwishoni mwa miaka ya 1970. Nesi wa mwambaoni hahitaji kufundishwa kinafananaje. Hasubiri maabara, hadondoshi dripu tone tone kama anaogopa, na mgonjwa akiweza kumeza tu anawekewa kikombe mkononi. Baadaye mwaka uleule chanjo ya kunywa ikatolewa Nyarugusu, na hilo nalo lilisaidia. Ila vifo vya Mei havikuzuiwa na chanjo.

Mtego wa kufanikiwa

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema: mgonjwa mahututi, mjaze maji. Afrika Mashariki yenyewe ndiyo iliyoonyesha kwamba hilo ni kosa la kuua.

Kati ya 2009 na 2011, utafiti uitwao FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi, uliandikisha watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania (kwetu ilikuwa Hospitali Teule, Muheza). Wengi walikuwa na malaria. Wenye kuhara na utapiamlo mkali hawakuingizwa. Baadhi walipewa maji mengi kwa haraka, kama miongozo ya dunia ilivyosema, na wengine hawakupewa. Matarajio yalikuwa kuonyesha kwamba maji yanaokoa. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati: ndani ya saa 48 walikufa karibu 10.5% ya waliopewa maji ya haraka, na 7.3% ya ambao hawakupewa.

Mtoto wa malaria kali hakumwaga maji chooni. Kumjazia lita ni kumpa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine. Uchambuzi wa baadaye ulikuta kwamba yale maji ya haraka yaliharibu upumuaji, yakachuja damu ikawa nyepesi, na yakaongeza ile asidi ya kloraidi tuliyoiona. Kwangu mimi huu ni mmoja wa tafiti muhimu kabisa kuwahi kufanyika katika ukanda wetu, na inashangaza ni wanafunzi wangapi wa vyuo vyetu hawajausikia.

Huko kwenye nchi tajiri wamerudi kubishana kuhusu chupa zilezile mbili. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2018, kwa wagonjwa mahututi zaidi ya 15,000, ulikuta kwamba wanaopata maji ya jamii ya Ringa wanapata madhara makubwa ya figo pungufu kidogo kuliko wa NS: 14.3% dhidi ya 15.4%. Mwaka 2022 utafiti wa Australia na New Zealand haukuona tofauti ya maana. Kwa mgonjwa wa kawaida wa ICU pengine tofauti ni ndogo. Kwa mgonjwa wa kipindupindu, mwenye kumwaga bikaboneti kwa lita, sidhani kama kuna wa kubisha.

Na figo ikishagoma, kinachobaki ni kuisaidia kazi mpaka iamke. Mashine ya kusafisha damu inahitaji umeme wa uhakika, maji safi mengi na fedha. Kuna njia nyingine, ya kupitisha maji maalumu ndani ya tumbo na kuyatoa, isiyohitaji mashine. KCMC pale Moshi wamekuwa wakiitumia kwa wagonjwa ambao figo zimegoma ghafla tangu mwishoni mwa miaka ya 2000. Lakini kutoka Kagunga hadi Moshi ni mtumbwi, kisha zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, na potasiamu haisubiri basi. Ndiyo maana kazi yote iko kwenye zile saa chache za mwanzo, na kipimo kinachotumika mwambaoni hakina betri. Ni kopo la plastiki lenye mistari chini ya kitanda. Nesi analiinua, anaangalia mkojo umefika mstari upi, anaandika saa.